Mashine ya Sinki ya Mzee Heriel

Jumamosi hiyo tangazo lilibandikwa kwenye geti la ghorofa la Mzee Heriel, mtaa wa Mchikichi, kwa gundi nyingi kuliko maneno. Marcelino alilibandua kabla gundi haijakauka akaja nalo kijiweni, kwa sababu yeye hawezi kusoma habari akiwa amesimama. Kazi yake ni udalali wa vyumba, ila sisi tunamwita Gazeti.

"Nyamazeni," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. "'Wapangaji wote mnaarifiwa. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao ni marufuku kutoa ndoo ya mabaki ya chakula nje ya mlango. Kila jiko litafungwa mashine ya kisasa ya kusaga mabaki ndani ya sinki. Wanaokusanya mabaki wasionekane tena ngazini. Mwenye nyumba.'"

Mzee Shukuru, muuza kahawa wetu, ambaye kila mtu anamwita Birika, aliacha kumimina.

"Rudia hapo pa sinki."

"Mashine ya kisasa ya kusaga mabaki ndani ya sinki."

"Yaani sinki limewekewa kinu?"

"Kinu cha umeme, mzee wangu. Chini ya tundu la sinki kunafungwa kitu kama kidebe. Unatia maganda, unafungulia maji, unabonyeza swichi, grrr! Yameenda."

"Yameenda wapi?"

"Mzee, hiyo ni teknolojia. Teknolojia haiulizwi inaenda wapi."

"Mimi naiuliza."

"Marekani kila nyumba inayo," Gazeti aliendelea, maana swali likimshinda huwa anasafiri nje ya nchi. "Inakula mfupa wa paja la ng'ombe kama mtu anavyokula karanga. Kuna bwana mmoja kule pete yake ya ndoa ilidondokea humo usiku. Kufika asubuhi, ndoa hakuna."

"Umesoma wapi hiyo?"

"Sijasoma, nimeona."

"Umeona wapi?"

"Kuna mtu alionyeshwa."

Birika alitikisa kichwa, akanigeukia mimi niliyekaa ncha ya benchi nikifanya kazi niliyopewa darasani. "Daftari, wewe unayesoma jioni, mwalimu wenu amewafundisha hii?"

"Tuko kwenye hesabu za sehemu, mzee. Kwenye masinki hatujafika."

Hapo ndipo Clotilda alipotokea upande wa Msimbazi, ndoo zake mbili moja ndani ya nyingine. Kila asubuhi hupanda ngazi za ghorofa lile, hubisha milango kumi na sita, na hushuka na ugali uliolala, maganda ya ndizi na vichwa vya dagaa. Vyote hupakiwa kwenye bajaji kwenda Kibamba, wanakoishi nguruwe wake kumi na mmoja. Anaitwa Mama Ndoo na jina hilo halimsumbui.

"Mama, ndoo zako upande ule," Birika alisema, akisogeza vikombe. "Mimi na hao wanyama wako tunaheshimiana kwa mbali."

"Ndoo tupu hizi, Birika."

"Tupu, lakini nia yake naijua."

"Mbona mnaniangalia hivyo? Kuna msiba?"

Gazeti alimpa lile tangazo bila kusema neno, kitu ambacho kwake ni nadra kama mvua ya Agosti. Clotilda alisoma kwa kufuata mistari na kidole. Alipofika mwisho alirudi mstari wa mwisho, akausoma tena.

"'Wasionekane tena ngazini.' Ni mimi huyo?"

"Hawakutaja jina," Gazeti alisema.

"Katika ghorofa hili nani mwingine anakusanya mabaki? Malaika? Miaka sita napanda hizo ngazi! Najua nani amepika nini, najua nani hajapika. Mtoto wa ghorofa ya tano alipomeza sarafu, ni mimi niliyemshusha. Leo nimekuwa wa kutoonekana?"

"Pole, mama. Dunia inaenda mbele."

"Iende. Ila inipitie pembeni."

Hatukuwahi kumjibu, kwa sababu mlango mdogo wa geti ulifunguka na Pius akatoka, begi la vifaa begani. Pius ni fundi bomba, kijana wa Masasi, anayejulikana mtaani kote kwa jina la Spana. Wiki tatu hizi alikuwa akitembea kama mtu aliyeitwa ikulu, maana Mzee Heriel alimpa kazi ya kufunga mashine ya kwanza ya majaribio, jikoni kwa Mama Brightness, flati namba saba. Asubuhi hii alitembea kama mtu aliyeitwa kituoni.

"Oya Spana! Mbona sura imekatiwa maji?" Gazeti aliita.

"Imegoma," alisema Spana, akajitupa kwenye benchi. "Mara ya tatu imegoma. Mara ya kwanza nimeifungua, nimeisafisha, nimeirudisha. Mara ya pili nimeing'oa nzima nikafunga mpya, imetoka kwenye boksi na nailoni zake. Hii ya leo ina siku nne. Siku nne, jamani! Inaunguruma haizunguki. Kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu haiji."

"Kimeo hicho," Gazeti alisema. "Kipigie nyundo."

"Nyundo! Hii ina kitufe chekundu chini, nimekibonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Na saa nne Mzee Heriel anakuja mwenyewe. Ikizunguka, majiko kumi na tano yaliyobaki ni yangu yote. Isipozunguka, anamleta fundi wa Masaki."

"Yule anayevaa glavu?"

"Huyo huyo. Na mimi mwenzenu Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa shukrani ya kazi hii. Jogoo kabisa. Kapigwa mnada, watu wamepiga makofi, mchungaji ameniombea mikono yangu ibarikiwe."

Birika alimwangalia kwa huruma. "Ulishukuru kazi ambayo hujapewa?"

"Nilifundishwa imani ni kushukuru kabla."

"Imani, sawa. Lakini jogoo angesubiri kidogo."

Gazeti alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi nimewahi kushukuru mapema, na ninajua safari ya kurudi nyumbani inavyokuwa ndefu.

"Na kinachoniuma si mashine," Spana aliendelea, akishusha sauti. "Kinachoniuma, kila nikiitwa nakuta bomba la chini ya sinki limefunguliwa. Nati zote zimelegezwa, tena kwa mkono, taratibu, kwa adabu. Hiyo si ajali. Kuna mtu ananihujumu."

"Nani?"

"Mtu ambaye mashine ikifa, yeye anakula."

Alisema hivyo akiangalia ndoo. Clotilda aliziweka chini.

"Taja jina."

"Sijataja mtu."

"Umeniangalia mimi."

"Macho ni yangu, naangalia ninapotaka."

"Na mdomo wangu ni wangu! Pius, mimi kwenye majiko ya watu naishia mlangoni. Napewa ndoo, sipewi jiko. Miaka sita sijui hata sinki la Mama Brightness liko kushoto au kulia!"

"Basi kama hujui, kwa nini jana nilipompigia Mzee Heriel nikamwambia kuna mtu wa ndoo anachezea bomba, yeye alinijibu..."

Alinyamaza, lakini alichelewa. Gazeti alikuwa tayari amelikunjua lile tangazo.

"Subiri, subiri, subiri. Kumbe huu mstari wa mwisho mtunzi wake ni wewe!"

"Mimi nilieleza tu hali halisi."

"Hali halisi!" Clotilda alishika kiuno. "Mikia kumi na moja Kibamba inanisubiri, wewe unaeleza hali halisi! Hebu nikuulize mbele ya wazee hawa. Kabla ya hii, ulishawahi kufunga mashine ya aina hii?"

"Fundi ni fundi."

"Ulishawahi?"

"Nimejifunza kwa video."

"Ngapi?"

Spana alikuna kisogo. "Moja na nusu. Bando liliisha."

"Moja na nusu!" Birika alisema. "Ndiyo maana inazunguka nusu."

"Hata madaktari siku hizi wanaangalia video," Spana alijitetea.

"Basi nitajie daktari huyo," Gazeti alisema, "nisije nikaumwa mtaa wake."

Makelele yalipanda. Clotilda alitaka aombwe radhi hapo hapo. Spana alitaka ushahidi kwamba si mama huyo. Gazeti alitaka waendelee. Sauti zikamfikia Mama Brightness huko juu, na baada ya dakika chache tukasikia kandambili zake zikishuka ngazi. Jina lake la ubatizo ni Fortunata, anatoka Marangu, na kila siku hupikia watu wa maduka chakula cha mchana. Jumamosi ni pilau. Benchi letu lote ni wateja wake, pamoja na Birika, ambaye husema anakula kwa ajili ya ujirani.

"Spana, umekaa unakunywa kahawa!" alisema kabla hajafika. "Saa sita watu wa maduka wanataka pilau, na sijasaga hata kitunguu saumu!"

"Dada, nakuja. Tunashughulikia suala la mashine."

"Shughulikia haraka. Bila mashine nitasaga na nini?"

Kijiwe kizima kilimgeukia.

"Kusaga nini, dada?" Spana aliuliza polepole.

"Si viungo? Tangawizi, kitunguu saumu, nazi, manjano. Blenda yangu iliungua Januari, ulipokuja na mashine yako nikasema Mungu amenikumbuka. Nafungua lile bomba la chini, nakinga beseni, natia vitu vyangu juu, nabonyeza. Kinatoka laini! Kinu gani kitakupa laini ile?"

"Wewe ndiye unafungua bomba?"

"Sasa nisipofungua vitatokea wapi?"

"Dada Fortunata, ile ni ya mabaki! Ni ya kutia maganda, mifupa, uchafu wa kwenye sahani, isage, ishushe chini!"

Mama Brightness alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeomba pilau bila nyama.

"Uchafu?"

"Ndiyo."

"Mashine mpya. Inang'aa kama sufuria ya harusi. Imekuja kwa meli kutoka Marekani, inakula umeme wangu mimi. Halafu niitie maganda?"

"Ndiyo kazi yake!"

"Pius, mama yako anajua kwamba uko hivi? Maganda nampa Clotilda mlangoni kama siku zote. Maganda hayajawahi kuomba umeme."

"Umesikia?" Clotilda alisema. "Mlangoni. Umesikia mwenyewe?"

Lakini Gazeti alikuwa kwenye jambo lingine. Alikuwa ameweka kikombe chini, na rangi imempotea.

"Mama Brightness, samahani. Pilau ya Jumamosi iliyopita ilipita humo?"

"Viungo vyake, ndiyo."

"Mimi nilikula sahani mbili."

"Tatu," alisema Birika. "Na mimi nilisema, huyu mama siku hizi mkono umebadilika, viungo vinaingia mpaka ndani ya punje."

"Acheni kujitapisha," Mama Brightness alisema. "Mashine zote mbili sijatia hata ganda moja. Hilo sinki lenyewe naoshea mchele tu. Vyombo naoshea kwenye karai barazani, kama mtu mwenye kwao."

Tukapumua. Gazeti alirudisha kikombe mdomoni. Spana peke yake ndiye aliyebaki amekodoa macho, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Manjano yako, dada. Ni ya unga?"

"Ya unga nisage ya nini? Makavu, ya mizizi. Jana nilitia kama kilo hivi."

"Mizizi mikavu!" Spana alijipiga paji la uso. "Ni mawe yale! Yamebana kati ya sahani na ukuta wa mashine. Ndiyo maana inaunguruma haizunguki! Na mara ile ya kwanza nilivyoifungua nikakuta kitu cha njano kimeganda humo, nikajua ni grisi ya kiwandani."

"Ukafanyaje?" aliuliza Birika.

"Niliona imepungua. Nikaongeza."

"Ukaongeza nini?"

Spana alianza kufunga zipu ya begi.

"Uliongeza grisi!" Gazeti alisimama. "Grisi ya magari! Jumamosi ile! Na mimi nikamsifu mama wa watu kwamba pilau imekolea mafuta!"

"Ilikuwa kidogo tu. Na mashine ile ndiyo niliyoing'oa."

"Umeing'oa nimeshakula!"

Mungu anisamehe, hapo nilicheka mpaka daftari likaanguka. Clotilda hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, anasubiri. Spana alimwona.

"Mama Ndoo..."

"Sikusikii."

"Mama Clotilda. Nimekukosea."

"Nimekusamehe. Lakini tangazo sikubandika mimi. Radhi ipeleke kwa aliyebandika."

Hilo lilikuwa zito kuliko manjano. Kumwambia Mzee Heriel ukweli maana yake ni kumwambia kwamba fundi aliyemwamini hakujua tofauti ya grisi na kiungo, kwamba alimsingizia mama wa watu, na kwamba mpangaji wa flati namba saba amegeuza mashine ya Marekani kuwa kinu cha pilau. Katika habari hiyo hakuna mahali ambapo fundi anapewa majiko kumi na tano. Spana aliangalia simu yake. Saa tatu na nusu.

"Nina nusu saa. Napanda, nazungusha kwa chini na funguo ya L, natoa manjano, naunga bomba, basi. Mzee akija atakuta inazunguka. Kwa nini nimtie presha mtu mzima?"

"Na mimi?" Clotilda aliuliza.

"Wewe nitakuombea baadaye."

"Ulipotoa jogoo hukusema baadaye," alisema Birika.

Hakupata hiyo nusu saa. Gari jeupe lilisimama mbele ya geti, na Mzee Heriel akateremka kwa fimbo, mguu mmoja baada ya mwingine. Ni mfanyabiashara wa jumla wa vitenge, alianza na meza moja hapo hapo Kariakoo, na leo ana ghorofa la orofa sita na magoti mawili yasiyokubali kulipanda.

"Shikamoo, mzee!" tuliimba wote.

"Marahaba, wanangu. Lifti inafanya kazi?"

"Imelala tangu Pasaka, mzee," alisema Gazeti.

"Basi sipandi." Alikaa kwenye benchi, Birika akampa kahawa. "Dirisha la jiko la namba saba si hilo hapo juu? Nenda, Pius, uiwashe. Mimi nitasikia kwa hapa hapa. Kwa binti yangu kule Marekani nilikaa miezi miwili, naijua sauti yake hata usingizini."

Spana aliinua begi kama mtu anayebeba jeneza. Gazeti akamsindikiza hatua mbili na kumnong'oneza, lakini Gazeti hajui kunong'ona. Mimi niliyekuwa jirani nilisikia kila neno.

"Drili unayo humo?"

"Ninayo."

"Itie kwenye sufuria, iwashe dirishani. Mzee ataridhika. Ile nyingine utatengeneza polepole."

Spana akapanda na Mama Brightness.

Tukabaki tunaangalia dirisha. Mzee Heriel alikunywa kahawa yake kwa utulivu, akamsalimia Clotilda vizuri tu, bila kujua kwamba ndiye aliyemkataza kuonekana.

"Za asubuhi, mama?"

"Njema, baba. Nipo. Kwa mwezi huu naonekana bado."

Mzee hakuelewa, akatabasamu kwa heshima.

Mara dirishani kukasikika: *grrrrrr!* Sauti kali, ya chuma. Gazeti akanikonyeza. Mzee Heriel akainua fimbo juu kwa furaha.

"Eee! Hiyo! Ndiyo yenyewe! Kwa binti yangu inalia hivyo hivyo! Mnaona? Mlisema Bongo haiwezekani!" Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimwambie binti yangu."

Sauti ikakatika. Halafu kichwa cha Spana kikatokeza dirishani, kimeloa jasho.

"Mzee!"

"Hongera, Pius! Nimesikia!"

"Mzee, samahani! Hiyo ilikuwa drili!"

Mtaa mzima uligeuka. Muuza soksi wa upande wa pili alisimamisha biashara.

"Ilikuwa nini?"

"Drili, mzee! Ya kutobolea ukuta! Nilitaka kukudanganya! Nimeshindwa! Subiri dakika tano!"

Kichwa kikarudi ndani. Gazeti alianza kusoma upya tangazo alilokuwa amelishika juu chini. Mzee Heriel alirudisha simu mfukoni. Tulisikia chuma kikigonga chuma, tukasikia Spana akisema "Ee Bwana" mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa. Kisha likaja mngurumo mwingine, mzito, wa chini, ukakwama, ukakohoa, na ghafla ukalainika kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Kichwa kikatokeza tena.

"Mzee! Hii ndiyo yenyewe!"

"Ilikuwa na nini?"

"Manjano!"

"Manjano gani?"

Kichwa cha Mama Brightness kikatokeza pembeni ya cha Spana. "Yangu, baba! Shikamoo! Nasagia viungo humu! Angalia!" Akatoa beseni dirishani, akaliinamisha tulione. Rojo la tangawizi lilikuwa laini kweli. Harufu yake ilitufikia chini. "Usimfukuze kijana! Kosa ni langu, na si kosa!"

"Na yule mama wa ndoo hakugusa bomba, mzee!" Spana aliongeza. "Nilimsingizia! Naye ameshuhudia hapo!"

"Nimeshuhudia," alisema Clotilda.

Mzee Heriel aliangalia dirisha, akaangalia beseni, akakuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. Mfanyabiashara wa Kariakoo akinyamaza hivyo, mnunuzi mwenye akili hushika mfuko wake.

"Bomba la chini halijaungwa?" aliuliza.

"Halijaungwa, mzee! Naliunga sasa hivi!"

"Kwa hiyo kinachosagwa chote kinaangukia kwenye beseni?"

"Chote!"

"Hakuna hata tone linaloshuka kwenye chemba yangu ya majitaka?"

"Hakuna, mzee. Samahani sana!"

"Shukeni wote wawili."

Walishuka. Spana alisimama mbele ya benchi, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri fimbo. Mikono ilikuwa ya njano mpaka kwenye viwiko.

"Wiki iliyopita," Mzee Heriel alianza, "nilimleta mtu wa kuangalia chemba. Akainua mfuniko, akatazama, akaurudisha taratibu. Akaniambia, mzee, ugali wa majiko kumi na sita ukishuka humu, mtaa wote wa Mchikichi utajua mlikula nini. Tangu siku hiyo sijalala. Mashine zimeshafika, ushuru nimelipa, binti yangu kila jioni anaomba picha. Kuzirudisha siwezi, kuzifunga naogopa, tangazo lenyewe nimelibandika roho juu. Nimeomba, nimefunga, sikuona njia." Akamwonyesha Mama Brightness kwa fimbo. "Kumbe njia iko namba saba."

"Mimi, baba?"

"Wewe. Pius, utazifunga zote kumi na tano. Ila bomba la chini hakuna kuunga. Kila sinki, weka ndoo chini yake."

"Mimi? Hata baada ya drili?"

"Mtu aliyetangaza uongo wake dirishani, Kariakoo, saa nne ya Jumamosi, nitampata wapi mwingine?"

Hapo Spana alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akafuta macho, na uso wote ukawa wa njano. Gazeti, ambaye hawezi kuacha karatasi ipite bila kuisoma, akainua tangazo.

"Mzee, samahani. Humu umeandika ndoo ni marufuku."

"Soma vizuri. Nje ya mlango. Hii iko ndani."

"Na ikijaa?" aliuliza Birika.

Mzee Heriel hakuwa amefika huko. Alizungusha macho mpaka yakamfikia Clotilda.

"Mama huyu aendelee kupanda. Huo mstari wa mwisho, wewe dalali, uchane."

Gazeti alichana kwa uangalifu, akaweka kipande mfukoni. Spana alikuwa ameshanyanyuka. Aliaga kila mtu kwa mkono, akatuachia wote rangi, akavuka barabara mbio kutafuta ndoo kumi na sita kwa bei ya jumla. Mama Brightness alirudi kwa mchele wake. Mzee Heriel naye aliinuka kwa fimbo, akamfungulia Clotilda moyo wake kama mtu anayetoa zawadi.

"Na mama, utafurahi. Hutabeba tena maganda na mifupa mizima mizima. Mwezi ujao mabaki yote yatakuwa yamesagwa kwa umeme, laini kama uji wa mtoto."

Clotilda aliinua ndoo zake.

"Asante, baba. Ila nguruwe wangu wana meno."

Mzee Heriel alilifikiria hilo mpaka alipofika kwenye mlango wa gari.

"Watazoea," akasema, akaingia.